AR-9, spika iliyoingiza ukuta kwenye hesabu

Ukiitazama AR-9 kutoka mbele, huioni besi yake. Mbele kuna spika tatu zilizopangwa wima sehemu ya juu ya boksi: ya inchi 8, juu yake kuba (spika yenye uso mdogo uliobinuka) la inchi moja na nusu, na juu kabisa twita, spika ya sauti za juu, ya robo tatu ya inchi. Wufa, yaani spika za besi, ni mbili kwa kila boksi, za inchi 12, na zimefungwa ubavuni, moja kulia na nyingine kushoto, chini karibu na sakafu. Wageni wangu karibu wote huinyooshea kidole ile ya inchi 8 na kuuliza, "Besi yote hii inatoka hapa?" Huwaambia wapige goti na wapeleke kiganja ubavuni. Mtikisiko wanaoupata pale unamaliza maswali.

Pale ubavuni ndipo ulipo ubora wa spika hii ya mwaka 1978. Spika nyingi, za zamani na za leo, hubuniwa kana kwamba zitapigwa uwanjani, hewa tupu kila upande. Anayezinunua ndiye anayebaki kuhangaika na chumba. AR-9 ilibuniwa ikijulikana tangu mwanzo kwamba itasimama ndani ya nyumba, sakafu ikiwa chini yake na ukuta mgongoni, na vitu hivyo viwili vikaingizwa kwenye hesabu sawa na koni (uso wa wufa unaotikisika) na sumaku. Nimesikiliza spika nyingi za sakafuni za miaka ile na za miaka hii, na bado sijakutana na nyingine iliyolishika jambo hili kwa ukamilifu namna hii.

Kampuni iliyoitengeneza, Acoustic Research (AR), ilianzishwa mwaka 1954 huko Cambridge, Massachusetts, na Edgar Villchur na Henry Kloss. Kabla yao, aliyetaka besi ya chini alilazimika kuwa na boksi kubwa sana. Villchur aliligeuza jambo hilo. Alichukua wufa ambayo mning'inio wake, yaani kile kinachoishikilia koni, ni laini mno, ambayo ukiiacha peke yake inalegea, akaifungia ndani ya boksi lisilopitisha hewa hata kidogo. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo ikawa springi ya kuirudisha koni mahali pake. Springi ya hewa inavuta na kusukuma kwa ulinganifu kuliko springi ya kitambaa na karatasi, kwa hiyo besi ikashuka chini zaidi, ikawa safi zaidi, na boksi likaweza kukaa kwenye rafu. Spika ya kwanza ya aina hiyo, AR-1, ilibadilisha biashara nzima. Mwaka 1958 ikaja AR-3 na twita yake ya kuba, na leo twita za kuba zimejaa kila mahali.

Basi fikiria kampuni iliyopata jina kwa kupunguza ukubwa wa boksi, miaka zaidi ya ishirini baadaye inatoa spika ya urefu wa karibu sentimita 135 na uzito wa kilo 59 kila moja. Walioisimamia kazi hiyo, wakiongozwa na Tim Holl, hawakuwa wameisahau kanuni ya Villchur. Boksi la AR-9 limefungwa kabisa, halina tundu la kupumulia. Ukubwa wake una sababu nyingine, na sababu hiyo inaanzia kwa mtu aitwaye Roy Allison.

Allison alikuwa mhandisi wa AR, kisha akaondoka na kuanzisha kampuni yake. Alichokichunguza ni hiki: wufa inapotoa sauti, sehemu ya sauti hiyo hugonga sakafu na ukuta wa nyuma na kurudi. Kwenye masafa (kasi ya mtikisiko wa sauti) ya chini kabisa, ambako wimbi ni refu la mita nyingi, sauti inayorudi inafika karibu wakati mmoja na ile inayotoka, zinasukumana upande mmoja, besi inaongezeka. Lakini umbali kutoka kwenye wufa hadi ukutani ukifikia karibu robo ya urefu wa wimbi au zaidi kidogo, sauti inayorudi inakuta koni inakwenda upande wa pili. Zinapingana. Nguvu inapotea pale pale, na amplifaya haiwezi kuirudisha, kwa sababu kila unachoongeza kinajipinga chenyewe kwa kiasi kile kile.

Sasa piga hesabu. Sauti ya 200 Hz, yaani mitikisiko 200 kwa sekunde, ina wimbi la mita 1.7 hivi, robo yake ni kama sentimita 43. Tazama spika yoyote ya kawaida ya sakafuni: wufa iko mbele, sentimita arobaini au sitini juu ya sakafu, na umbali kama huo huo kutoka ukuta wa nyuma. Maana yake shimo, mahali ambapo sauti inapotea, linachimbika karibu na 200 Hz, na pakiwa na ukuta wa pembeni ulio umbali ule ule, shimo linazidi kwenda chini. Eneo hilo si dogo kwenye muziki. Kifua cha sauti ya mwanamume kiko hapo. Mwili wa selo uko hapo. Mkono wa kushoto wa piano unashinda hapo. Mtu anasikiliza spika ya bei kubwa, anasema "ni safi lakini nyembamba", anabadilisha waya, anabadilisha amplifaya, na shimo liko pale pale kwa sababu limechimbwa na sakafu.

Jibu la AR-9 linapendeza kwa wepesi wake. Wufa zote mbili zimeshushwa chini kabisa na kusogezwa karibu na ukuta wa nyuma, halafu krosova, saketi inayogawa masafa kati ya spika, inazikatia kazi kwenye 200 Hz. Kwa hiyo katika masafa yote zinayoyapiga, sakafu na ukuta viko karibu nazo kuliko robo ya wimbi. Sauti inayorudi inazisaidia tu, haipati nafasi ya kuzipinga. Kuanzia 200 Hz kazi inachukuliwa na spika ya inchi 8, na hiyo imepandishwa juu, mbali na sakafu, mahali ambapo mwangwi wa sakafuni unachelewa na kutawanyika. Mahali penye shimo pamegawanywa kati ya spika mbili, na kila moja imewekwa mahali ambapo shimo haliifikii.

Na kwa nini ubavuni? Kwanza, sauti iliyo chini ya 200 Hz huenda pande zote, kwa hiyo wufa haina haja ya kukutazama usoni. Pili, boksi linaweza kubaki jembamba kwa mbele, sentimita 38, huku likibeba wufa mbili kubwa. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, koni hizo mbili zinatoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, moja ikielekea kulia na nyingine kushoto, kwa hiyo mateke yao kwenye mbao yanafutana. Weka kiganja juu ya boksi wakati ngoma kubwa inapigwa kwa nguvu. Ubavuni koni inahangaika, juu boksi limetulia tuli.

Matokeo yake unayasikia kwanza kwenye sauti za watu. Kwaya yenye besi nne au tano nyuma, kwenye AR-9, unaweza kuwatenganisha. Hawawi ukungu mmoja wa sauti nzito, kila mmoja ana uzito wake. Gitaa la besi, ambalo waya wake wa chini kabisa unapiga 41 Hz, linapanda na kushuka kwenye noti bila noti moja kuvimba na nyingine kupotea. Vipimo vya kiwanda vinasema spika inafika 28 Hz ikiwa imepungua desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) tu, na kwa kinanda cha kanisa nayaamini kabisa. Pedali za chini zinajaza chumba kabla sikio halijajua ni noti gani. Halafu, kwa sababu boksi limefungwa, sauti inakatika mara moja mpigaji anapoinua mguu. Spika nyingi zenye tundu zinaendelea kuvuma kidogo baada ya noti kwisha. Ukishazoea besi inayojua kunyamaza, ile nyingine inakuchosha.

Lakini lazima uitii. Ushauri unaosikika kila mahali siku hizi ni kuzivuta spika mita moja au zaidi mbele ya ukuta. Kwa AR-9 ushauri huo ni sumu. Nimezivuta makusudi ili nisikie tofauti, na kifua cha mwimbaji kikaondoka kabla sijafika hata kwenye kiti. Zisukume nyuma hadi zikaribie ukuta, uache nafasi ya waya tu. Ubavuni usiweke kochi, kabati wala pazia zito, wufa zinahitaji nafasi ya kutoa hewa. Kama chumba chako hakina ukuta mpana ulio wazi, hii si spika yako, na hakuna ujanja wa kuliepuka hilo.

Nusu ya juu nayo ina akili yake. Zile spika tatu zimesimama kwenye mstari mmoja wima. Zikipangwa upande kwa upande, msikilizaji akisogea kushoto au kulia, umbali wa kila spika hadi sikioni unabadilika kwa kiasi tofauti, na sauti zao zinaanza kupingana. Zikiwa wima, unaweza kuhama kiti na picha ya muziki isivunjike. Kuzunguka kuba la kati na twita, ambayo nayo ni kuba, wamebandika sponji nyeusi nene, AR wakaiita blanketi ya akustika. Sauti ya juu inapotambaa usoni mwa boksi na kufika ukingoni, hugeuka kuwa kama chanzo kipya cha sauti, na sikio linapata habari mbili kwa wakati unaokaribiana. Sponji inaimeza sauti hiyo njiani. Mwaka 1978 wengi walikuwa bado wanashindana kwa idadi ya spika na mng'aro wa sumaku. Hawa walikuwa wanashughulika na kingo za mbao.

Kuba la kati linachukua 1200 hadi 7000 Hz, na hapo juu inaendelea ile twita. Ni ndogo kwa makusudi: kuba dogo linatawanya sauti ya juu pande nyingi. Nitasema wazi kwamba anayetoka kwenye spika za leo ataziona sauti za juu kama zimelainishwa. Matoazi hayamwagiki usoni. Fidla inasikika kama iko hatua kadhaa nyuma ya mstari wa spika, kama unavyoisikia ukiwa umekaa katikati ya ukumbi. Mimi naipenda hivyo, naweza kusikiliza jioni nzima masikio yasichoke. Anayetaka kusikia kidole kikikwaruza waya atafute kwingine. Pia kaa kwenye kiti cha urefu wa kawaida, usikae chini mkekani, kwani mpangilio huo wa wima unaosamehe ukihama kushoto na kulia hausamehi ukishuka sana chini.

Kuna swichi tatu, moja ya spika ya inchi 8, moja ya kuba la kati, moja ya twita, kila moja ikiwa na hatua ya sifuri, kupunguza desibeli 3, na kupunguza desibeli 6. Usizidharau. Kwenye chumba chenye sakafu ya vigae na madirisha makubwa, kupunguza kuba la kati kwa desibeli 3 kunaondoa ukali ambao watu wangemtupia lawama fundi wa amplifaya.

Sasa amplifaya. Spika hii ina njaa. Unyeti wake, yaani sauti inayotoka kwa umeme inaopewa, ni desibeli 87 kwa wati moja kwa mita moja, na ukinzani wake wa umeme unaandikwa omu 4, huku sehemu fulani za besi ukishuka chini ya hapo. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi, wati lazima ziwe maradufu, kwa hiyo wati zinakwisha haraka kuliko mtu anavyodhani. Amplifaya ndogo ya valvu itaimba vizuri kwa sauti ya chini, kisha ngoma ikiingia itapaliwa. Resiva (amplifaya zenye redio ndani) nyepesi zilizoandikwa "omu 8 kwenda juu" zitapata moto na kujizima. Tafuta mashine yenye transfoma nzito, inayotoa wati 100 au zaidi na inayoruhusiwa kwa maandishi kuendesha omu 4. Mimi nilitulia nilipofika wati 200 kwa kila upande. Sikuwa natafuta kelele. Kwa sauti ile ile ya kila siku, besi ilikaza, kama mtu aliyefunga mkanda.

Nimeacha kwa mwisho jambo linalomgusa kila anayefikiria kununua jozi leo: sponji za kingo za wufa. Kampuni nyingi za wakati ule zilitumia sponji ya poliyurethani kuishika koni kwenye fremu, na sponji hiyo huoza kwa umri, hata spika ikiwa imefunikwa na haijapigwa. Kwenye AR-9 kuna wufa mbili na ile ya inchi 8, kwa hiyo jozi moja ina kingo sita za kubadilisha. Zangu nilizitoa mwenyewe. Unafungua skrubu, unainua wufa nzito mikononi, na ukigusa ukingo kwa kidole unageuka kuwa uji mweusi unaonata kwenye kucha. Kuusafisha ndiyo kazi yenyewe. Pamba, spiriti, kisu butu, na subira, kwa sababu gundi ya zamani ikibaki hata kidogo kwenye koni ya karatasi ukingo mpya hautashika sawasawa, na ukikwangua kwa pupa unaichana koni ambayo huna mahali pa kuipata nyingine.

Katika kubandika, siri iko katikati. Koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inacheza kwenye ufa mwembamba wa sumaku, ikielemea upande mmoja itakwaruza. Kabla gundi haijakauka nilipitisha toni ya 30 Hz kwa sauti ndogo sana, koni ikawa inapumua taratibu, nami nikawa nasogeza ukingo kwa ncha za vidole hadi mkwaruzo ukaisha kabisa. Na usichukue ukingo wowote ulioandikwa inchi 12. Springi ya spika hii ni hewa, kwa hiyo ukingo lazima uwe laini sana. Ukifunga mgumu umemnyang'anya Villchur kazi yake, na ile 28 Hz huipati tena.

Ukishafunga kila kitu, kuna kipimo kisichohitaji mita. Sukuma koni ya wufa moja kwa vidole vilivyotandazwa, polepole. Ile ya upande wa pili itatoka nje yenyewe. Achia, na koni irudi bila haraka. Ikiruka kurudi ghafla, hewa inavuja mahali, tafuta kwenye mpira wa kuzibia wufa, au kwenye kifuniko cha vumbi katikati ya koni.

Kwa mnunuzi, basi, sponji zilizooza zisikutishe, zitumie kupunguza bei. Kinachopaswa kukutisha ni twita. Hazitengenezwi tena, na ndani yake kuna mafuta ya sumaku ya kupoza koili, ambayo baada ya miaka mingi huweza kuganda na kufanya sauti ifube. Beba rekodi yenye matoazi unayoyajua vizuri, weka sikio kwenye kila twita peke yake, ya kulia na ya kushoto, na ulinganishe. Fanya hivyo hivyo na makuba ya kati, ukichezesha zile swichi tatu huku na huku, maana swichi iliyoshika kutu inaweza kukufanya udhani spika imekufa kumbe ni nzima. Ndani ya krosova kuna kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme) kubwa za elektroliti, moja ina maikrofaradi 2500, hizo zibadilishwe tu kwa umri wake, na thamani zake zisiguswe. Na uje na watu wawili wenye migongo mizima na gari lenye nafasi ya kuzilaza. Kwa kuwa wufa ziko mbavuni, zilaze chali, kamwe usizilaze kwa ubavu.